Anti, nimeitwa nikawe jaji wa shoo ya vipaji lakini wanataka niwaaibishe watoto wa watu

Anti shikamoo,

Naomba usitaje jina langu wala stesheni yangu maana mjini hapa tunajuana. Mi ni ripota wa burudani kwenye tivii moja hapa Dar, ndo yule unayemuona nje ya ukumbi wa Mlimani City kashika maiki anamsubiri msanii ashuke kwenye gari amuulize kuhusu ngoma mpya na kuhusu yule aliyeachana naye. Nilianza kwa kujitolea, nabeba stendi ya kamera na kununulia watu chipsi, sa hivi nina kipengele changu mwenyewe na watu wananijua, hata daladalani nikipanda konda ananiita kwa jina la kipindi.

Sasa Anti juzi kati nikapigiwa simu na prodyuza wa shoo moja ya kusaka vipaji vya kuimba, anataka niwe jaji wa tatu, wawili wengine ni mtengeneza muziki wa siku nyingi na mwanamuziki mmoja mkubwa tu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, maana hiyo kitu nimeiota toka niko sekondari tunaangalia Bongo Star Search sebuleni kwa jirani.

Wakaniita siku ya majaribio ya kurekodi. Wanakuvalisha kakitu sikioni unamsikia dairekta. Akaingia kijana mmoja mwembamba, namba imebandikwa kifuani, shati jeupe nadhani la kuazima maana kikaratasi cha dobi kilikuwa bado kimebanwa na pini kwenye kola kwa nyuma, tulikiona alipogeuka kuweka begi lake chini. Akaimba, sauti inatetemeka kweli ila noti hakosei. Huku sikioni dairekta ananiambia "mseme kikaratasi, mseme kikaratasi." Nikashindwa Anti. Nikamwambia ahsante, jifunze kuvuta pumzi kabla ya mstari mrefu, akashukuru akatoka. Tulipomaliza prodyuza akanivuta pembeni akaniambia dada umepoa sana, sisi tunataka jaji wa moto, mtu akitoka pale analia ndo klipu inatembea, we si mtu wa media unajua mwenyewe.

Hiyo ya kwanza. Ya pili bosi wangu kanikubalia kwa mdomo tu, ila anataka nikiwa huko nimletee habari za ndani, nani katoka kabla haijaruka hewani, nani kagombana na nani kambini, ili kipindi chetu kiwe cha kwanza.

Ya tatu ndo inaninyima usingizi. Kuna meneja wa msanii mmoja nimezoeana naye kikazi, kumbe kuna msichana anayemsimamia kaingia kwenye hiyo shoo na kapita mchujo wa kwanza. Kanitumia laki tatu kwenye simu kaandika "nauli ya dada jaji." Sijaitumia na wala sijairudisha, ipo tu.

Malipo yenyewe ya ujaji hawajasema ni kiasi gani, wanasema jina litakua dada, matangazo yatakufuata yenyewe. Na wenzangu wa dawati la habari wananicheka, wanasema we udaku unakutosha, ujaji wa muziki umesomea wapi? Inaniuma kwa sababu kweli sijasomea, hata kinanda sijui. Mama yangu yuko Tanga, mtu wa madrasa, kasikia tu tetesi kaniuliza wakikutukana huko kwenye simu zao mi uso wangu ntauficha wapi.

Niende au niache?

Ripota wa Burudani, Dar

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera, maana kuitwa kwenye kile kiti sio jambo dogo.

Kabla hatujaenda popote, hiyo laki tatu irudishe leo. Leo hii, kwa namba ileile iliyotoka, na uandike meseji fupi ya heshima kwamba ahsante ndugu yangu lakini kwa vile nimefikiriwa kwenye ujaji siwezi kupokea kitu kutoka kwa mtu mwenye mshiriki, alafu meseji yenyewe uitunze na muamala uutunze. Usimtumie mtu mwingine akurudishie, usiseme utamwambia mkikutana. Najua kwenye kazi yetu hizi bahasha zimezoeleka mpaka watu wanaziita nauli bila aibu, lakini maadili ya Baraza la Habari yanazikataza hata kwa ripota wa kawaida, sembuse wewe unayeenda kuamua nani abaki nani aondoke. Na ukipewa kazi, siku ya kwanza kabisa mwambie prodyuza kwamba mshiriki fulani meneja wake namfahamu, akipanda yeye mi sitapiga kura. Akisikia kwako ni uaminifu. Akisikia kwa mtu mwingine shoo ikiwa katikati, umeshakwisha, na yule binti naye utakuwa umemuharibia hata kama sauti anayo kweli.

Sasa hilo la umesomea wapi. Wenzako wa dawati la habari wasikuumize kichwa, na hilo neno udaku wanalolitamka kwa kubana pua wakumbushe ya Machi 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alivyoingia Clouds usiku na watu wenye silaha, na kamati iliyoundwa na Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, ikaeleza kwamba shida ilikuwa ni habari iliyotakiwa irushwe kwenye Shilawadu. Kipindi cha udaku hicho! Nape alipokea ripoti, kesho yake akaondolewa uwaziri. Kwa hiyo burudani sio mchezo wa pembeni, wenye nguvu wanajua inafika wapi ndo maana wanataka kuishika, na wewe unayeifanya ujue pia thamani yake.

Meza ya majaji haijawahi kuwa ya wasomi wa muziki peke yao. Angalia BSS yenyewe uliyokuwa unaiangalia kwa jirani: Madam Rita ndo mwenye shoo, anaangalia mtu kama atauzika, Master J ni mtu wa studio, anasikia sauti itakaaje kwenye maiki, na Salama Jabir alikuja pale akiwa mtangazaji wa tivii, mtu wa EATV, anayejua wasanii wanavyoishi na watazamaji wanataka nini. Sikio tatu tofauti. Hata huko mbele, Piers Morgan alikuwa anaandika safu ya mastaa kwenye gazeti la The Sun la Uingereza, akawa mhariri wa Daily Mirror mpaka alipofukuzwa 2004, na 2006 akakaa kwenye ujaji wa America's Got Talent mpaka 2011, na mwaka huohuo wa 2011 CNN wakampa kipindi cha mahojiano ile saa aliyokuwa nayo Larry King. Njia ya kutoka kwenye maiki ya ripota kwenda kwenye kiti cha jaji ipo, wenzio wameipita, na kuna waliotoka hapo wakaenda mbali zaidi.

Wewe unachojua ni kile ambacho mtengeneza muziki hakijui vizuri, umewaona wasanii wakipanda na umewaona wakishuka, unajua nani alitoa hit moja akapotea na kwa nini, unajua nani hawezi kuongea dakika mbili mbele ya kamera bila kujikanyaga. Hayo ndo ukayaseme. Ila usijifariji ukaishia hapo. Kwa muda ulionao tafuta mwalimu wa kwaya, Dar hii wamejaa makanisani na wengi ni wazuri kuliko wanavyolipwa, akufundishe sikio: ki, yaani key ya wimbo, ni nini, mtu akitoka kwenye ki inasikikaje, pumzi inakatwa wapi, tempo ikikimbia unaijuaje. Ukiweza kupata mtu aliyepita chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo au chuo cha muziki cha DCMA pale Zanzibar ndo bora zaidi. Hutakuwa mwimbaji kwa muda huo na hutakiwi kuwa, unatakiwa usije ukamwambia mtu amekosea wakati hajakosea. Na nikuambie kitu, ile "jifunze kuvuta pumzi kabla ya mstari mrefu" uliyomwambia yule kijana, huo ndo ujaji wenyewe, we umeufanya bila kujua.

Hapo sasa tumefika kwenye kikaratasi cha dobi, na hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo pana kazi.

Watu wa nje hawajui usaili unavyoendeshwa, lakini wewe umeshachungulia. Foleni inaanza alfajiri, vijana mia kadhaa, wengine wamelala stendi, na wote hao hawaonani na majaji. Kuna watu wa shoo wanawasikiliza kwanza, wanapitisha wale wazuri, na wanapitisha vilevile wale wabovu kabisa kwa makusudi kwa sababu wale wa kuchekesha wanapendwa na watazamaji. Yule kijana anayeingia kuimba vibaya mbele yako ameshaambiwa umepita nenda kwa majaji, ametoka pale nje anawapigia ndugu zake simu amefaulu, hajui kwamba kaitwa achekwe. Alafu wewe uambiwe sikioni mseme shati. Mi siwezi kukuambia uvumilie hilo kwa sababu ni kazi, hapana. Umaskini wa mtu sio kipaji chake. Shati la kuazima ni heshima aliyokuja nayo, kaona mbele za watu asiende hivihivi.

Lakini usinielewe kwamba nataka uwe wa sukari. Ukali unafaa, na watoto hawa wanauhitaji, maana nyumbani na mtaani wameshaambiwa sana kwamba wanaimba kama malaika. Salama Jabir aliogopwa pale BSS kwa maneno makavu, vijana walikuwa wanaingia wanamuangalia yeye kwanza, na bado baadaye wasanii wakaenda wenyewe kukaa mbele yake kwenye vipindi vyake vya mahojiano, Mkasi na SalamaNa, wakafunguka mambo ambayo hawajawahi kumwambia mtu. Kwa nini? Mi naamini ni kwa sababu mtu anayekuambia ukweli usoni humwogopi mgongoni. Na Ian Mbugua wa Kenya, jaji pale Tusker Project Fame, ile shoo ya kuimba ya Afrika Mashariki, ninavyomkumbuka mimi, mtu wa jukwaa la maigizo, watu walimchukia kila Jumapili na hawakuacha kumuangalia, lakini ukali wake ulisimama kwenye uimbaji, umeimbaje, umejiandaaje, umewaheshimu vipi waliolipa kukuona. Hiyo inatembea pia kwenye klipu, mwambie prodyuza wako hivyo. Mwambie kabisa, mi ntakuwa mkali kwenye wimbo na sitagusa nguo, sura, kabila, lafudhi wala umaskini wa mtu, na kwenye sikio langu dairekta aniambie muda na kamera, maneno ni yangu. Mwambie kwa ustaarabu lakini mwambie kabla hujasaini. Wengi wakikuona umesimama wanakubali, wao wanachoogopa ni jaji anayeboa, na ukweli uliosemwa vizuri hauboi.

Na ufikirie kazi yako ya kesho. Kala Jeremiah alipita BSS zile za mwanzo, hakuwa mshindi, na mwaka 2013 akabeba tuzo za muziki za Kili kwenye hip hop. Peter Msechu alienda Nairobi Tusker Project Fame 2010 akawa wa pili nyuma ya Davis wa Uganda. Nandy 2016 alikuwa wa pili kule Lagos kwenye mashindano ya kuimba ya Tecno Own the Stage, na leo hakuna wa kumuuliza ni nani. Walioshindwa kwenye hizi shoo ndo haohao utakaowasubiri Mlimani City na maiki mkononi. Kijana uliyemkosoa pumzi atasimama aongee na wewe. Uliyemchekea kola ya shati atakupita, na mashabiki wake wataifukua ile klipu kila siku yake ya kuzaliwa.

Bosi wako sasa. Anachokutaka ufanye ni kuchungulia ukiwa ndani alafu utoke nje ukatangaze, na hilo halipo. Matokeo ya mchujo kabla hayajaruka hewani ni siri ya shoo, mkataba wowote wa maana utakuzuia na wakikukamata umevujisha watakudai hela ambayo huna. Na hata kama wasingekukamata, mshiriki anakuja kulia mbele yako pale nyuma ya jukwaa kwa sababu wewe ni jaji, kesho akayasikie kwenye kipindi chako? Mpelekee bosi pendekezo lingine. Mwambie kwa msimu huu habari zote za hiyo shoo aziripoti mwenzangu, mi sitazihariri wala kuzisoma, na nyie mtapata kitu ambacho stesheni nyingine hazina, yaani sura yangu inaonekana kule kila wiki na watazamaji wanajua natoka kwenu. Bosi mwenye akili ataliona hilo. Muombe ruhusa ya maandishi, barua au imeili, aeleze siku utakazokuwa nje kwa usaili wa mikoani maana hizi shoo zinazunguka Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingine, na aeleze kama siku hizo mshahara unaendelea au ni likizo yako. Kwa mdomo usikubali. Bosi akibadilika au akiondoka, mdomo wake unaondoka nao.

Na hawa wa jina litakua dada nao wakae chini waandike. Jina lako limeshakua ndo maana wamekupigia simu. Waambie wakupe bei kwa kila kipindi au kwa msimu mzima, inalipwa lini, nusu kabla ya kuanza kurekodi. Uliza nani analipa nguo na mapodozi, maana jaji wa kike anatazamwa kila wiki na gauni jipya na ukizembea utajikuta unaitumikia shoo kwa mkopo. Uliza usafiri na malazi. Uliza klipu zako watazitumia mpaka lini na kama wanaweza kuzikata wakabandika maneno yako kwa mshiriki mwingine, hii ipo mwanangu, unamkosoa mtu wa Jumatatu wanaonyesha analia mtu wa Alhamisi. Angalia sana kifungu cha kukufunga usionekane stesheni nyingine, kwa sababu wewe una ajira tayari, kikikaa vibaya utakuwa umevunja mkataba kwa kwenda kazini kwako tu. Na hesabu yako uipige ukijua kwamba malipo ya huduma yanakatwa kodi ya zuio asilimia 5, usije ukashtuka siku ya hela. Mpe wakili aupitie kabla ya saini, hata yule wa bei nafuu, atakachokuchaji ni kidogo kuliko utakachopoteza.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, kama watakubali masharti yako ya kwenye sikio na kama karatasi zitakuwa sawa. Wakikataa la sikio, usiende. La hela mnaweza mkavutana, mkashuka mkapanda. Lile la kumcheka mtu halina nusu, maana watu wanakufungulia midomo yao kwenye ile maiki kwa sababu wanakuamini, na hicho ndo kitu pekee ulichonacho ambacho stesheni haiwezi kukununulia kingine.

Mama usimwache akatumiwa klipu na watu. Panda basi uende Tanga wikiendi, usimweleze kwa simu. Mwambie kazi yenyewe ni ipi, mwambie na habari ya yule kijana na ulichokataa kusema, akuelewe unaenda kule na adabu aliyokufundisha. Matusi ya mitandaoni yatakuja, hilo usimfiche, jaji yeyote anayetoa mshiriki anayependwa anatukanwa wiki nzima. Mwambie dada yako au mdogo wako akae na simu ya mama zile siku za mchujo, na wewe usisome komenti usiku ule shoo ikiruka, asubuhi zitakuwa zimepoa na nyingine zitakuwa na point utazitumia wiki inayofuata.

Ukishapata rasimu ya mkataba niandikie tena, futa majina, nitumie vile vifungu tu tuviangalie.

Anti